Ongea na Metroni: Umepewa uinchaji, hela iko wapi?

Haya wanangu, keki ya tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tumeshaikata, mishumaa tumeshawasha, kiapo tumeshakirudia mbele ya mgeni rasmi ambaye ametuambia kwa mara nyingine kwamba sisi ni uti wa mgongo wa sekta ya afya, sasa turudi kwenye slipu ya mshahara. Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wauguzi na karibu zote zinauliza kitu kimoja: nimepewa kuongoza wenzangu, mbona silipwi kama kiongozi? Nimechagua chache. Majina na vituo nimeficha, maana najua mtu anavyosakwa akishaonekana gazetini.

SWALI
Shikamoo metroni. Mi ni Afisa Muuguzi Msaidizi, hospitali moja ya wilaya huku kanda ya ziwa. Inchaji wetu wa wodi ya wazazi alistaafu, basi asubuhi moja kwenye kikao cha ripoti mganga mfawidhi akaninyooshea kidole akasema "wewe ndo utashika wodi", watu wakapiga makofi, ikawa imeisha hiyo. Sasa ni mwaka wa pili. Rosta napanga mimi, oda ya dawa na glavu mimi, mtu asipotokea shifti ya usiku napigiwa simu mimi na mara nyingi naishia kwenda mwenyewe, mama akifariki ni mimi nakaa mbele ya kamati kueleza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, ilijazwaje. Slipu haijasogea hata mia. Nikiuliza naambiwa uuguzi ni wito. Nina haki ya kudai nini?
Inchaji wa Mdomo

JIBU
Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na lisilofurahisha. Serikalini mshahara haufuati kazi unayoifanya leo, unafuata daraja lako kwenye muundo wa utumishi. Ngazi za mishahara za watumishi wa afya zinaitwa TGHS: mwenye cheti anaingia TGHS A, mwenye stashahada kama wewe TGHS B, mwenye shahada TGHS C, halafu kila mmoja anapanda kwenye ngazi yake kadiri miaka na tathmini inavyokwenda. Uinchaji wa wodi haumo humo. Ni jukumu tu umepangiwa, kama unavyopangiwa shifti, ndo maana wewe na yule mwenzako wa daraja lako anayemaliza zamu saa nane mchana na kuzima simu mnapokea hela ileile mwisho wa mwezi. Mi hili huwa linanikera kweli, kwa sababu serikali yenyewe inajua kulipia madaraka ikitaka. Mwaka 2016 walimu wakuu wa shule za msingi walianza kupewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, wakuu wa sekondari na waratibu elimu kata 250,000. Vizuri kabisa, walistahili. Sasa niambieni, mwalimu mkuu na inchaji wa wodi ya wazazi nani analala vibaya zaidi? Posho kama ile kwa inchaji wa wodi sijaiona kwenye slipu ya mtu mpaka leo, ukitoa hospitali moja moja zinazojitolea kidogo kutoka kwenye makusanyo yake zenyewe.

Sasa unadai nini. Watu watakuambia dai posho ya kukaimu. Hiyo ipo, ila ina masharti yake: cheo chenyewe kiwe kipo kwenye muundo na kiko wazi, na uwe umeteuliwa kwa barua ya mamlaka yenye uwezo huo, na kwa nafasi za uongozi huwa kinahitajika na kibali cha Ofisi ya Rais, Utumishi. Ukiwa nayo hiyo barua, posho yake kimsingi ni ile tofauti ya mshahara wako na mshahara wa cheo unachokikaimu. Tena Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinasema mtu asikaimu nafasi iliyo wazi zaidi ya miezi sita, ndani ya muda huo mwajiri awe ameshapata mwenye nafasi. Wangapi wanakaimu mwaka wa nne? Wengi tu. Ila wewe, kwa unavyoeleza, hukuteuliwa kukaimu cheo chochote, ulipigiwa makofi, na makofi hayaingii kwenye mfumo wa mishahara.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuyageuza yale makofi yawe karatasi. Andika barua kwa mganga mfawidhi, ipitie kwa muuguzi mfawidhi, nakala kwa afisa utumishi. Fupi tu, bila kulia na bila kutukana mtu. Kitu kama hiki:

"Yah: Maombi ya barua ya kupangiwa usimamizi wa wodi ya wazazi. Rejea kikao cha asubuhi cha tarehe fulani ambapo nilielekezwa kusimamia wodi tajwa. Tangu tarehe hiyo nimekuwa nikipanga zamu za watumishi, kuagiza na kutunza dawa na vifaa, kusimamia ujazaji wa vitabu vya MTUHA na kuiwakilisha wodi kwenye vikao vya kupitia vifo vya uzazi. Naomba kupatiwa barua rasmi inayoonyesha majukumu hayo, muda wake na stahiki zinazoambatana nayo."

Hivyo vitabu vya MTUHA ni vile vya kumbukumbu za huduma za kituo, kwa asiyejua. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa masijala na tarehe urudi nayo nyumbani. Usiiache ofisini kwako, droo za ofisi zina miguu.

Halafu ingia kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi uliokuja baada ya OPRAS. Wengi mnajaza malengo kwa kunakili ya jirani, "kutoa huduma bora kwa wateja", basi. Wewe weka mambo ya uinchaji yenye kuhesabika, rosta kutoka kila mwezi kabla ya tarehe fulani, vifo vyote kupitiwa ndani ya muda uliowekwa, wauguzi wapya kuelekezwa. Siku ya kupanga nani apande daraja afisa utumishi anaangalia mfumo unasema nini, yeye hajawahi hata kufika wodini kwako.

Na zile posho ambazo ni za kila mtu, kuitwa kazini na masaa ya ziada, hizo usizisamehe kwa sababu eti we ni kiongozi. Ukiitwa usiku, andika kwenye kitabu muda ulioingia na muda uliotoka, aliyekuita asaini. Mainchaji wengi wanajaza fomu za masaa ya ziada za stafu wote halafu la kwao wanaona aibu kuliandika, sijui nani aliwafundisha hivyo. Ukikwama, kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, mwone mwakilishi wa tawi, ile asilimia wanayokukata kila mwezi ndo siku yake hii. TANNA ni chama cha taaluma cha wauguzi, kelele ya jumla kuhusu posho ya madaraka wanaweza kuibeba, ila dai lako la mtu mmoja lipeleke kwa chama cha wafanyakazi.

SWALI
Mama shikamoo. Niko zahanati ya kijiji, nina cheti, tabibu alihama na hajaletwa mwingine. Mfawidhi ni mimi, mzalishaji ni mimi, mchanjaji ni mimi, na mhudumu mmoja wa kunisaidia. Shida yangu sio kazi, kazi naiweza, shida ni hela za kituo. Zinaingia kwenye akaunti, nasaini mimi na mwenyekiti wa kamati, juzi wakaguzi wakaja wakakuta vocha mbili hazina viambatanisho, za kipindi cha tabibu, wakaniambia nijibu hoja. Nitajibu nini mimi muuguzi?
Peke Yangu Zahanati

JIBU
Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa hasira.

Hii habari ilianza mwaka wa fedha 2017/18, serikali ilipoanza kutuma fedha moja kwa moja kwenye vituo badala ya kuzipitisha zote halmashauri. Ni jambo zuri, dawa zikiisha huhitaji kusubiri mtu wa wilayani akukumbuke. Ila uhasibu wote nao ulishuka mpaka kijijini kwa mtu ambaye chuoni alifundishwa kutundika dripu, na kama kuna mtu aliongezewa mshahara kwa ajili ya hilo mi sijamwona. Yaani mfawidhi wa zahanati anaongoza kituo, anashika fungu, anajibu wakaguzi wa CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa serikali, na bado ni TGHS A. Wamepata meneja wa bei poa kweli.

Hoja ya vocha usiimeze. Swali la kwanza: tabibu alipoondoka mlifanya makabidhiano ya maandishi? Kama yapo, ambatanisha, sema vocha hizo ni za kabla ya tarehe ya makabidhiano na taja nani alikuwa mwenye dhamana. Kama hayapo (na najua hayapo, watu wanahama na basi la alfajiri), andika leo hii kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ukieleza ulianza lini kusaini, vocha zipi zimekutangulia, na uombe mhusika aitwe alete viambatanisho. Taarifa za benki zinaonyesha saini ya nani ilitoa hela tarehe gani, kazichukue. Lakini fanya ndani ya muda waliokupa wakaguzi, hoja isiyojibiwa inakuwa yako hata kama hukuila.

Kuanzia sasa hakuna hela kutoka bila muhtasari wa kamati ya zahanati, na hundi wala fomu ya benki usiisaini ikiwa tupu, hata mwenyekiti akiapa kwa jina la mamake. Masurufu, zile hela zinazotolewa kwanza ndo zije kuthibitishwa kwa risiti, yakichukuliwa yarejeshwe kabla mengine hayajatoka. Kituo cha afya cha kata huwa kina mhasibu msaidizi ambaye anatakiwa aziangalie na zahanati za jirani, mpigie simu, mwandalie siku, akija mpikie hata chai mkae mpitie vocha za robo nzima.

Na barua ya uteuzi wa ufawidhi, unayo? Naona hujaitaja. Idai kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa Mganga Mkuu. Hela haitakuletea, nisikudanganye. Ila ndani yake dai iandikwe kwamba unashikilia mpaka aletwe tabibu, ili siku ya kuomba kupanda au kuomba ruhusa ya kwenda kusoma uwe na cha kuonyesha, na siku ya hoja ijulikane dhamana yako ilianza lini.

SWALI
Habari yako metroni. Niko hospitali binafsi Dar. Mwaka jana nilipandishwa kutoka muuguzi mwandamizi kuwa meneja wa uuguzi, basiki, yaani mshahara wa msingi, ikapanda kutoka laki tisa hadi milioni moja na laki moja. Nikafurahi nikatangaza mpaka kanisani. Mwezi wa kwanza kuangalia benki hela imepungua! Kumbe mameneja hawalipwi ovataimu. Halafu kusafisha kabati nikakuta slipu ya zamani ya meneja aliyenitangulia, mwanaume, elimu yetu sawa, alikuwa analipwa zaidi yangu kwa mbali. HR wananiambia mishahara ni siri. Nifanyeje?
Meneja Jina

JIBU
Nzuri mwanangu. Hongera ya cheo, naomba tupige hesabu kwanza kabla hatujapiga kelele.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, ovataimu isipungue mara moja na nusu ya mshahara wa saa, na kazi ya usiku inaongezewa angalau asilimia 5. Laki tisa kwa mwezi gawanya kwa 4.333 upate ya wiki, gawanya kwa 45 upate ya saa, inakuja kama 4,616. Mara moja na nusu ni kama 6,923. Hukuniambia ulikuwa unafanya saa ngapi za ziada, ila tuseme ni 40 kwa mwezi, hiyo peke yake ni kama 277,000. Wao wamekuongezea 200,000. Maana yake umepandishwa cheo umeshushwa kama 77,000 kabla hata ya kodi na kabla ya kuhesabu zile za usiku. Hii hesabu inatakiwa ifanyike siku ile unaitwa ofisini unaambiwa una habari njema, tena kwa kalamu, ukiwa umekaa.

Je wamevunja sheria kukutoa kwenye ovataimu? Inategemea. Ile sehemu ya saa za kazi haimhusu mtu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Kama wewe kweli unaripoti kwa mkurugenzi wa tiba, una sauti kwenye ajira na nidhamu na bajeti ya uuguzi, basi hapo wana mguu wa kusimamia. Ila kama umeitwa meneja halafu rosta bado inakupanga wodini shifti za usiku kama zamani na hata likizo ya muuguzi mmoja huwezi kuidhinisha bila kupiga simu juu, hilo ni jina tu limebandikwa mlangoni, na unaweza kubishana nao vizuri sana. Weka rosta zako za miezi ya karibuni mahali salama.

Kingine, masharti ya ajira yakibadilika mwajiri anatakiwa ashauriane na wewe, ayarekebishe kwa maandishi na akujulishe kwa maandishi. Walikupa waraka unaosema ovataimu inaondoka? Au uligundua benki? Kama uligundua benki anzia hapo, ndio pazuri kuliko pote.

Kuhusu yule bwana, kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinamtaka kila mwajiri achukue hatua za kuhakikisha mwanamke na mwanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Haupo peke yako kwenye hili, ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2022 ilikuta pengo la wanawake na wanaume kwenye sekta ya afya na matunzo duniani linafika kama asilimia 24, sekta ambayo imejaa wanawake! Lakini slipu ya mtu usiende ukaipunga mezani kwa HR, watakugeuzia kibao wakuulize umeipataje. Wewe andika uombe wakueleze ngazi ya mshahara ya nafasi ya meneja wa uuguzi, kiwango cha chini na cha juu, na wewe umewekwa wapi na kwa nini. Swali la nafasi sio la mtu. Wakikaa kimya au wakikutisha, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, ila mgogoro usio wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, kwa hiyo usikae mwaka mzima unanung'unika kwenye grupu la WhatsApp halafu ndo ukumbuke. Na kabla hujaenda huko jaribu mezani: basiki ipande kufidia ile ovataimu, au posho ya madaraka inayotajwa kwa jina, au urudishiwe ovataimu mpaka utakapopata mamlaka kamili. Nenda na la kwanza mkononi, la pili mfukoni. Hospitali binafsi ikishamzoea meneja anayejua wodi zake zote haipendi kumpoteza kwa laki mbili, hilo nakuambia bure.

SWALI
Samahani mama, nina stashahada na nimeshapanda madaraja kadhaa. Nikienda kusoma shahada naambiwa nikirudi naanza moja kama mtoto wa juzi. Kweli? Na bora nisome shahada ya uuguzi au ya uongozi?
Naogopa Kusoma

JIBU
Mara nyingi ndio hivyo. Ukibadilishwa kada unawekwa kwenye daraja la kuingilia la Afisa Muuguzi, na kama mshahara wako wa zamani ulishaupita ule mpya unabaki nao kama mshahara binafsi mpaka daraja lako jipya liufikie. Hela haishuki, ila inasimama, unakaa miaka unaitazama tu. Ndo maana ukitaka shahada isome mapema, ukiwa bado chini, kuliko kusubiri uwe umebakiza ngazi moja kileleni mwa stashahada. Kwa anayetaka kuongoza hospitali kubwa haina kukwepa, mkurugenzi wa uuguzi mwenye stashahada sa hizi hukuti.

Soma ya uuguzi kwanza, maana hiyo ndiyo inayokubadilishia kada. Ile ya uongozi ina faida zake kichwani lakini muundo wa uuguzi hauitambui kukupandisha. Uongozi usome baadaye kwenye uzamili. Na jamani ruhusa! Hakikisha umo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri na una barua ya ruhusa kabla ya kuripoti chuo, halafu ukimaliza tu peleka cheti kwa afisa utumishi mapema uwahi ikama (ile orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa) na bajeti ya mwaka unaofuata, maana nafasi yako isipokuwa kwenye ikama mwaka wa fedha unaanza Julai bila wewe. Wapo waliomaliza chuo na wakakaa muda mrefu wana shahada kabatini na slipu ya stashahada, kisa karatasi ilichelewa mezani kwa mtu. Usitegemee pia zile nyongeza za Mei Mosi kukuokoa, ile asilimia 35.1 ya mwaka 2025 ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 370,000 kwenda 500,000, ngazi za kati hazikuruka hivyo.

SWALI
Nimeambiwa niwe metroni wa hospitali. Sitaki. Nina watoto wadogo na mume yuko mbali kikazi. Nikikataa nitaonekana mkaidi?
Sitaki Makuu

JIBU
Hapana, kataa kwa heshima na kwa maandishi, toa sababu moja tu, usiandike insha. Ila kabla hujaandika, jiulize unachokikataa ni kazi yenyewe au ni masharti yake. Kama ni yale ya kuitwa saa tisa usiku kila siku na kukosa msaidizi, basi sema nitakubali nikipata msaidizi mwenye barua na zamu za usiku tugawane. WHO wanasema wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani, kwenye nafasi za juu ni kama robo, na sehemu ya hiyo tofauti inatengenezwa hivihivi, kazi inapangwa kana kwamba nyumbani kila kiongozi ana mke wa kumpikia. Ukijaribu wakakataa masharti yako, basi umejua, na watoto wanakua.

SWALI
Hujambo mama, mimi ni Mkenya, nauguza England tangu nije kupitia ule mpango wa serikali zetu mbili. Nyumbani nilikuwa nursing officer nasimamia wodi nzima kaunti. Hapa nimewekwa Bendi 5, na sai karibu kila shifti mimi ndiye naongoza wodi, nafundisha wanafunzi, wengine wa Bendi 6 wananiuliza mimi. Nikiuliza kuhusu pesa naambiwa "ni uzoefu mzuri kwako". Nifanye nini?
Bendi Tano

JIBU
Sijambo mwanangu, kumbe lile neno la wito limevuka bahari likabadilisha nguo tu.

Kwa wasomaji wasiojua, kule hospitali za NHS, yaani za serikali, zinalipa kwa bendi, na tofauti kubwa na kwetu ni kwamba bendi inatakiwa ifuate kazi. England kwa mwaka 2025/26 Bendi 5 ilianzia pauni 31,049 kwa mwaka, Bendi 6 ilianzia 38,682, na Bendi 7 ambako ndo wanakaa mameneja wa wodi ilianzia 47,810. Wakenya wengi waliokwenda baada ya yale makubaliano ya Kenya na Uingereza ya mwaka 2021 waliingia Bendi 5 hata kama nyumbani walikuwa wanaongoza watu ishirini, kwa sababu bendi ni ya ile nafasi waliyoomba, haijali ulikotoka.

Lakini hapo ndipo na wewe una kisu. Kama kazi unayoifanya imebadilika ikawa kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye maelezo ya kazi yako, una haki ya kuomba nafasi ipimwe upya bendi yake. Usiende na manung'uniko, nenda na yale maelezo ya kazi uliyosainia, kalamu nyekundu, na rosta. Kila mstari ambao hali halisi imeupita, andika pembeni unafanya nini na mara ngapi kwa mwezi. Shifti ulizoandikwa wewe ndiye kiongozi, zihesabu zote. Katikati ya mwaka 2025 walitoa wasifu mpya wa kitaifa wa kazi za uuguzi na ukunga wa kupimia bendi, linganisha kazi yako na ule wa Bendi 6, si ule wa zamani. Mwone mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi, RCN au UNISON, kabla ya kumwona meneja, na waulize kabisa kuhusu malipo ya nyuma, tarehe uliyopeleka ombi ina uzito kwenye hilo.

Ombeni pamoja, mkiweza. Kama wodi yenu mko wanne wa Bendi 5 mnaoongoza shifti, ombi la wanne ni gumu kuliita uzoefu mzuri. Nyinyi Wakenya ndo mtufundishe sisi habari ya kusimama pamoja, mwaka 2017 wauguzi wenu waligoma tangu Juni mpaka Novemba. Mimi sisemi mgome huko, visa yako imeshikwa na mwajiri na hilo lazima ulipime. Na ukiamua kuomba Bendi 6 hospitali nyingine badala ya kugombania hapo ulipo, hakikisha kwanza huyo mpya anatoa udhamini, ndo uandike barua ya kuacha.